Sukari ikishuka: irudishe damuni, kisha jaza kihenge cha ini

Kama kuna mtu mbele yako sasa hivi anatetemeka, ametoka jasho baridi, na unajua anatumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamidi, usisome zaidi ya aya hii. Ikiwa anaongea na anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji, anywe yote. Mashine ya kupimia sukari ikiwa karibu, pima kwanza. Ikiwa iko mbali, usiifuate, mpe sukari. Akiwa hajitambui, usimmiminie kitu mdomoni: mlaze ubavu na tafuta usafiri. Mengine yanafuata.

Sukari ya chini, kwa mwenye kisukari anayetumia dawa, ni kipimo chochote chini ya 3.9 milimoli kwa lita. Chini ya 3.0 ni hatari hata kama anajisikia mzima. Kliniki nyingi humsisitizia mgonjwa sukari ya juu, na ya chini hutajwa dakika ya mwisho wakati daftari limeshafungwa. Hilo halifai. Sukari ya juu huharibu macho, figo na miguu kwa miaka. Ya chini inaweza kumwangusha mtu kabla hajafika mlangoni.

Kwanza: gramu 15, na ziwe za haraka

Kinachotakiwa ni gramu 15 hadi 20 za sukari inayoingia damuni upesi. Kwa vitu vilivyoko majumbani mwetu, kiasi hicho ni hiki:

- Sukari ya mezani: vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, si vya mlima. Ni takribani gramu 16.
- Glukosi ya unga ya dukani: kijiko kimoja cha chakula kilichojaa. Hii ndiyo ya haraka kuliko zote, kwa kuwa haihitaji kuvunjwavunjwa tumboni.
- Soda ya kawaida: mililita 150, yaani chini kidogo ya nusu ya chupa ya mililita 350. Soda isiyo na sukari haifanyi kazi yoyote hapa, na kosa hilo hutokea, hasa nyumba ambayo mgonjwa amezoea kununuliwa hiyo.
- Asali: kijiko kimoja cha chakula, takribani gramu 17 za sukari.

Asali inastahili neno la ziada, kwa sababu Tabora hakuna nyumba inayoshindwa kuipata. Sukari yake kubwa ni ya aina mbili, glukosi na fruktosi, na fruktosi imezidi kidogo. Glukosi inaingia damuni moja kwa moja. Fruktosi lazima ipitie ini kwanza ibadilishwe. Kwa hiyo asali inafaa, ila glukosi ya unga ikiwepo chukua hiyo. Tunazungumzia asali ya nyuki wakubwa. Asali ya nyuki wadogo ina maji mengi zaidi na kipimo cha kijiko kimoja hakiaminiki. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa hatari ya sumu ya bakteria wa botulizimu. Yeye apewe maji ya sukari au maziwa ya mama, na apelekwe kituoni.

Visivyofaa kwa hatua hii ni karanga, chokoleti, maziwa, chapati, ugali na chochote kilichoungwa mawese. Mafuta huchelewesha tumbo kumwaga chakula kwenye utumbo, na wanga wa ugali unahitaji muda kumeng'enywa. Mgonjwa aliyepewa sahani ya ugali wa muhogo akiwa na 2.7 anaweza kupoteza fahamu tonge likiwa mkononi.

Akishakunywa, subiri dakika 15 ukitazama saa. Huu ndio mtihani, maana njaa ya sukari ya chini ni kali mno na mtu hutaka kufagia kila kilichopo jikoni. Akifanya hivyo, baada ya saa mbili atakuwa na 18, ataongeza insulini kwa hasira, na atashuka tena usiku. Dakika 15 zikipita, pima. Bado chini ya 4? Rudia kiasi kilekile. Ukirudia mara tatu bila mafanikio, anza safari ya hospitali huku ukiendelea kumpa sukari.

Kuhusu kupima kwenyewe: nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha. Msimu wa maembe, iwe Ujiji au Tabora mjini, kidole kilichoshika embe kinaweza kuonyesha 9 wakati damu ina 3. Asali iliyobaki kidoleni hufanya vivyo hivyo, na baya zaidi ni kwamba mtu hupima akiwa ametoka tu kulamba hiyo asali. Maji yakikosekana, futa tone la kwanza la damu kwa pamba safi, bonyeza taratibu, pima tone la pili. Vijiti vya kupimia vikae ndani ya kopo lake lililofungwa. Unyevu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika huviharibu bila kubadili rangi yake.

Pili: jaza kihenge

Hapa ndipo wengi huishia njiani. Sukari imepanda hadi 5, mgonjwa anatabasamu, watu wanatawanyika. Saa moja na nusu baadaye ameshuka tena. Sababu iko kwenye ini.

Ini ni kihenge cha sukari. Ukila, sukari hupita humo kabla ya kwenda kwingine, na insulini kutoka kwenye kongosho huliamuru ini liweke akiba kwa umbo la glaikojeni. Ini la mtu mzima aliyeshiba hubeba takribani gramu 100. Ubongo peke yake hula takribani gramu 120 za glukosi kwa siku, kwa hiyo akiba hiyo haimalizi hata siku moja ya kufunga. Misuli nayo ina glaikojeni, mara tatu au nne ya ile ya ini, lakini haiwezi kuazima mtu: haina kimeng'enya cha kuifungulia iingie damuni. Ilicho nacho msuli huishia kwenye msuli. Kati ya mlo na mlo, mwili mzima unaliangalia ini.

Anayefungua kihenge ni glukagoni, homoni nyingine ya kongosho. Kwa mtu asiye na kisukari mambo huenda kwa mpangilio: sukari ikikaribia 4.5 insulini hupungua, ikikaribia 3.8 glukagoni hupanda na kuliambia ini litoe akiba, na adrenalini hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Hiyo adrenalini ndiyo unayoiona kwa macho: mtetemo, moyo kwenda mbio, midomo kupauka. Kortisoli na homoni ya ukuaji hufuata polepole, zikilisaidia ini kutengeneza sukari mpya kutokana na protini na masalia mengine. Ikishuka karibu na 3.0 ubongo wenyewe huanza kukwama.

Kwa anayetumia insulini mpangilio huo umevunjika mahali pawili. Insulini aliyojidunga haipungui kwa sababu sukari imeshuka. Imeshaingia, itafanya kazi hadi iishe, na muda wote huo inaliamuru ini lifunge mlango. Pili, mwenye kisukari aina ya kwanza, baada ya miaka kadhaa, kongosho lake huacha kutoa glukagoni sukari inaposhuka. Anabaki na adrenalini tu.

Kwa hiyo mgonjwa akishapita 4, ale. Ikiwa mlo wake unaofuata ni ndani ya saa moja ijayo, ale huo mlo. Ikiwa mlo uko mbali, ale kitu chenye wanga na protini kidogo: viazi vitamu viwili vidogo na glasi ya maziwa, uji wenye karanga, au ugali kiasi na dagaa. Sasa karanga na mafuta vinaruhusiwa, kwa kuwa ule ucheleweshaji uliokuwa hatari mwanzo sasa unasaidia. Asijidunge insulini ya ziada kufidia chakula hiki. Apime tena baada ya saa moja, na kabla ya kulala.

Akiwa amepoteza fahamu au anatapatapa

Mlaze ubavu, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo, mdomo uelekee chini ili mate na matapishi yatoke nje. Soda au uji ukimwagwa kwenye mdomo wa mtu asiyejitambua huingia kwenye mapafu. Sindano ya glukagoni ikiwepo, mtu mzima hupewa miligramu 1 kwenye msuli wa paja, na mtoto aliye chini ya kilo 25 hupewa nusu yake. Nyumba nyingi hazina dawa hiyo, kwa hiyo tegemeo ni usafiri, na namba ya dereva wa bodaboda au bajaji anayeaminika iandikwe kwenye jalada la daftari la kliniki kabla ya siku hiyo kufika.

Kwa mtoto asiyejitambua aliye mbali na dripu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kijiko cha chai cha sukari kilicholowanishwa kwa tone moja au mawili ya maji kiwekwe chini ya ulimi, na kurudiwa kila dakika 10 hadi 20. Iwe unyevu tu, isiwe maji. Hii haichukui nafasi ya hospitali, inanunua muda wa barabarani.

Mtoa huduma mwenye dripu: mtu mzima apewe gramu 25 za glukosi kwenye mshipa, yaani mililita 250 za dekstrozi ya asilimia 10, au mililita 50 za asilimia 50. Ile ya asilimia 50 huunguza mshipa na ikivuja nje huua nyama, kwa hiyo tunapendelea ya asilimia 10. Mtoto apewe mililita 5 kwa kila kilo, za asilimia 10. Pima baada ya dakika 15 hadi 30.

Kosa la gharama kubwa zaidi kwenye vituo ni kumruhusu mgonjwa wa glibenklamidi aende nyumbani mara tu anapozinduka. Kidonge hicho hulisukuma kongosho litoe insulini kwa hadi saa 24, na figo zikiwa zimechoka hukaa zaidi. Mzee aliyezinduka saa nne asubuhi ataanguka tena jioni akiwa kijijini. Alazwe, apimwe kila saa chache, angalau siku nzima. Asiyezinduka baada ya sukari kurekebishwa apelekwe hospitali ya rufaa, Maweni kwa wa Kigoma au Kitete kwa wa Tabora, kwa kuwa kuna jambo jingine, pengine malaria kali au kiharusi.

Tatu: tafuta kwa nini

Sukari haishuki bila sababu. Rudi nyuma saa 24 na uliza haya.

Alifanya kazi gani? Msuli unaofanya kazi huchukua sukari bila kungoja insulini, na baada ya kazi huendelea kuvuta kwa hadi siku nzima ili urudishe akiba yake. Mvuvi wa dagaa wa Kigoma ni mfano ulio wazi. Anajidunga insulini mchanganyiko saa kumi na mbili jioni, anakula, anaingia ziwani na taa. Ile sehemu ya insulini inayochelewa hufika kileleni kati ya saa nne na saa kumi baada ya sindano, yaani tangu saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, wakati uleule anaovuta nyavu. Huyu lazima amwambie mtabibu ratiba yake halisi, ili dozi ya jioni ipunguzwe kwa siku za kazi na irudishwe siku za mbalamwezi asipotoka. Sukari ibebwe kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, ifungwe mwilini mwake badala ya kuachwa kwenye mtumbwi, na mwenzake mmoja ajue dalili. Mkulima wa tumbaku anayetoka na baiskeli alfajiri asijidunge pajani siku hiyo. Msuli wa mguu unaokanyaga pedali huharakisha insulini. Adunge tumboni.

Alikunywa pombe? Ini likiwa linachoma pombe, haliwezi kutengeneza sukari mpya. Kazi hizo mbili hugombania vitu vilevile ndani ya seli. Kihenge kikiwa na akiba mtu hupona kwa akiba hiyo, lakini aliyekunywa gongo bila kula tangu asubuhi hana akiba wala uwezo wa kutengeneza. Anashuka usiku au asubuhi yake, hata saa kumi na mbili baada ya glasi ya mwisho, na sindano ya glukagoni haimsaidii kwa kuwa hakuna cha kufungulia. Harufu ya pombe inawafanya watu wamwache alale. Sheria yetu ni moja: mwenye kisukari anayenuka pombe na hasikii vizuri, apimwe sukari kabla ya kuitwa mlevi. Na anayebadilika ghafla akawa mkali au kuongea maneno yasiyoeleweka, apimwe kabla ya kuitiwa mtu wa kumpunga mashetani.

Anadunga wapi? Pitisha vidole tumboni na mapajani. Ukikuta uvimbe laini kama mpira, anadunga palepale kila siku. Insulini huingia polepole kwenye uvimbe. Sukari hupanda, dozi huongezwa. Siku anayohamia ngozi nzuri, dozi ileile kubwa huingia yote kwa kishindo. Hamisha kila sindano umbali wa vidole viwili, na unapoacha uvimbe omba dozi ipunguzwe.

Bomba gani? Insulini zetu ni yuniti 100 kwa mililita, na bomba lake lazima liwe limeandikwa U-100. Bomba la kawaida la mililita lisitumike kukisia. Insulini ya maziwamaziwa izungushwe taratibu kati ya viganja mara 10 hadi 20 kabla ya kuvuta. Isipozungushwa, mara unavuta maji, mara unavuta unga mzito.

Insulini ilikaa wapi? Hili huonekana halihusiani, kwa sababu insulini iliyoharibika na joto huleta sukari ya juu. Lakini fuata mfululizo: kichupa kimekaa dirishani Oktoba, nguvu imepungua, sukari imepanda, mtabibu ameongeza dozi. Mwezi unaisha, kichupa kipya chenye nguvu kamili kinafunguliwa, mgonjwa anadunga dozi ile iliyoongezwa. Anaanguka siku ya pili. Ukibadili kichupa, pima mara nyingi zaidi kwa siku tatu.

Kichupa ambacho hakijafunguliwa kikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Iliyoganda hata mara moja itupwe. Kilichofunguliwa kinavumilia siku 28 mahali pasipozidi nyuzi 25 hadi 30, kulingana na maelezo ya boksi. Pasipo friji, tumia chungu ndani ya chungu: kikubwa kisichopakwa rangi, kidogo ndani yake, mchanga safi katikati, mchanga umwagiliwe asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu. Insulini iwe ndani ya chupa kavu ya plastiki iliyofungwa. Chungu kiwekwe kivulini penye upepo, si kwenye kabati. Kinachopoza ni maji yanayokauka, na pasipo upepo hayakauki. Kiangazi cha Tabora njia hii hupunguza nyuzi kadhaa vizuri. Kigoma wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, hupunguza kidogo sana, na hapo ni bora kuhifadhi kwenye friji ya zahanati na kuchukua kichupa kimoja kimoja.

Figo na ini vikoje? Ini huondoa karibu nusu ya insulini inayotoka kwenye kongosho kabla haijafika mwilini, na figo huondoa sehemu kubwa ya ile ya sindano. Mgonjwa aliyezoea yuniti 30 na ghafla zikawa nyingi kwake, pima figo zake kwanza. Mwenye ini lililosinyaa kwa homa ya ini B au pombe ana kihenge kidogo, hivyo asipitishe usiku bila kitafunwa cha wanga. Akiwa anatumia propranololi kuzuia mishipa ya koo la chakula isipasuke, ajue kwamba dawa hiyo huficha mtetemo na mapigo ya moyo. Jasho halifichwi. Kwake, jasho bila joto ni dalili ya kupima. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu nacho hudanganya kwa mwenye ini lililosinyaa, upungufu wa damu au seli mundu, kwa hiyo vipimo vya kidole ndivyo vifuatwe.

Wanaofunga Ramadhani wazungumze na mtabibu wiki kadhaa kabla. Sukari ikifika chini ya 3.9 hata ikibaki nusu saa magharibi iingie, afungue.

Aliyeacha kusikia dalili

Mtu anayeshuka mara kwa mara huacha kutetemeka. Adrenalini huzoea, na dalili ya kwanza inakuwa kuzimia. Hili linarekebishika: kwa wiki mbili hadi tatu asishuke hata mara moja chini ya 4, hata ikibidi sukari iachiwe juu kidogo kwa makubaliano na mtabibu. Dalili hurudi kwa wengi. Apime pia saa tisa usiku kwa siku chache. Sukari ya asubuhi iliyo juu inaweza kutokana na kortisoli na homoni ya ukuaji kuamsha ini alfajiri, na kuongeza insulini ya jioni bila kujua ya saa tisa ni kubahatisha.

Wasio na kisukari nao hushuka: mtoto mwenye malaria kali, anayepewa kwinini, mwenye utapiamlo mkali, na aliyeacha ghafla vidonge vya prednisoloni au deksamethasoni alivyotumia kwa miezi, vikiwemo vile vinavyouzwa kama dawa ya kunenepa. Huyo wa mwisho tezi zake za adrenali zimelala. Anahitaji haidrokotisoni pamoja na sukari, na sukari peke yake haitamshika.

Kila kushuka kuandikwe kwenye daftari: saa, kipimo, dozi na sehemu ya sindano, mlo wa mwisho, kazi iliyofanyika, alichopewa na ilichukua dakika ngapi kupanda. Siku ya kliniki peleka daftari hilo pamoja na kichupa na bomba unalotumia, na omba mtabibu akushike tumbo mahali unapodunga.